Kudai Mafao ya Kukosa Ajira Marekani, na Kukata Rufaa Ukinyimwa

Mtu wetu akiachishwa kazi hapa Marekani, mara nyingi hutoa hati zake za mshahara na kuanza kupitia makato. Ataona kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo, makato ya hifadhi ya jamii na ya bima ya afya ya wazee, pengine na bima ya meno, lakini katika majimbo mengi hataona hata senti moja iliyokatwa kwa ajili ya kukosa ajira, na hapo hujiambia kwamba kwa kuwa hakuchangia chochote, hana anachodai. Nimeyasikia maneno hayo baada ya ibada, kwenye vikao vya harusi na katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakongomani wa mji ninaoishi, na ninaelewa yanakotoka. Sisi tuliolelewa na mifuko ya hifadhi ya jamii ya nyumbani tumezoea kwamba mafao ni jasho la mtu mwenyewe lililowekwa pembeni, ndiyo maana ugomvi wa fao la kujitoa Tanzania, yaani kuchukua michango yako kabla ya umri wa kustaafu, ulikuwa mkali kiasi kile: kila mtu alikuwa anazungumzia fedha aliyokatwa yeye.

Bima ya kukosa ajira ya Marekani haikujengwa hivyo. Anayeilipia ni mwajiri. Serikali kuu humtoza asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza anazomlipa kila mfanyakazi kwa mwaka, kiwango cha mshahara ambacho hakijabadilishwa tangu mwaka 1983, kisha humsamehe hadi asilimia 5.4 kati ya hizo 6 akiwa amelipa kodi ya jimbo kwa wakati, hivyo kinachobaki kwa kawaida ni dola 42 kwa kila mtu. Kodi ya jimbo ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayolipia mafao yenyewe. Ni Alaska, New Jersey na Pennsylvania tu ambako mfanyakazi naye hukatwa kidogo. Kwingineko kote hati yako ya mshahara haitaonyesha kitu, na bado umekingwa.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kiwango cha kodi ya jimbo hakilingani kwa waajiri wote. Hupanda na kushuka kutegemea ni wafanyakazi wangapi wa zamani wa mwajiri huyo wamelipwa mafao, kama vile bima ya gari inavyompandia dereva anayegonga mara kwa mara. Mwajiri basi ana sababu ya kifedha ya kupinga dai lako hata kama hana kinyongo nawe, na waajiri wakubwa huajiri kampuni maalumu ambazo kazi yake ni kujibu madai ya kukosa ajira kwa niaba yao. Ukilijua hilo, barua ya kukunyima mafao utaisoma kwa moyo mtulivu zaidi, kwa sababu utaona kwamba aliyeandika upande wa pili alikuwa analinda mfuko wake na wala hakuwa anapima utu wako.

Mama mmoja kutoka Uvira, aliyekuwa anatandika vitanda hotelini hadi hoteli zilipofungwa mwaka 2020, aliniambia, "Mwanangu, sikuja Marekani kuomba." Nilimweleza kwamba mwajiri wake alikuwa ameilipia bima hiyo kila robo ya mwaka aliyofanya kazi, na kwamba asipodai hakuna maskini mwingine atakayepewa sehemu yake. Alinisikiliza kwa heshima, akanipakulia ugali, wala hakudai. Siku hizi nikimkumbuka huwa naanza mazungumzo na watu kwa kueleza nani analipa, kabla ya kugusa fomu yoyote.

Mpango huu ni wa zamani na ni wa majimbo. Wisconsin ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1932, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 ikayasukuma majimbo mengine yafuate. Na Agosti 1936, katika mji wa Madison, ikatoka hundi ya kwanza, ya dola 15. Leo kuna mipango 53, ukihesabu majimbo 50, mji mkuu wa Washington, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani, kila mmoja na sheria yake ndani ya mipaka iliyowekwa na serikali kuu. Majimbo mengi hulipa hadi wiki 26, lakini Florida hulipa wiki 12 uchumi ukiwa mzuri, na si zaidi ya dola 275 kwa wiki. Mississippi kiwango cha juu ni dola 235. Massachusetts kinavuka dola 1,000. Kwa hiyo binamu yako wa Boston, Massachusetts, akikwambia alivyolipwa, usiipigie hesabu kodi yako ya nyumba ya Jackson, Mississippi, kwa maneno yake.

Masharti ya kuingia yanafanana zaidi kuliko viwango. Lazima uwe umepata mshahara wa kutosha katika kipindi cha msingi, ambacho kwa kawaida ni robo nne za mwanzo kati ya robo tano za mwaka zilizokamilika kabla hujafungua madai. Mgeni aliyeanza kazi miezi mitatu iliyopita huenda asifikie, ingawa majimbo mengi yana kipindi mbadala kinachohesabu robo za karibuni zaidi. Lazima uwe tayari kufanya kazi na uweze kuifanya, na unaitafuta. Kwa asiye raia kuna sharti jingine: ulipokuwa unaupata mshahara huo ulikuwa na ruhusa ya kufanya kazi, na wiki unayodai bado unayo. Mkimbizi aliyeletwa na serikali anayo tangu anafika. Mwenye ombi la hifadhi hutegemea kadi yake ya kazi, na kadi ikiisha muda wake bila kuongezwa, ofisi husema hayuko tayari kwa kazi na malipo husimama. Kuhusu hofu kwamba kudai kutaharibu maombi ya kadi ya kijani, kanuni ya serikali kuu ya mwaka 2022 kuhusu watu wanaoweza kuwa mzigo kwa serikali haikuhesabu bima hii, kwa kuwa ni stahili inayotokana na kazi. Mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea amuulize mwanasheria wake wa uhamiaji, na asimuulize jirani.

Sasa nieleze yaliyonikuta. Jimbo na kampuni sitavitaja, kwa sababu wapo ndugu ambao bado wanafanya kazi pale. Nilikuwa zamu ya usiku katika ghala, na kampuni ilikuwa na utaratibu wa alama: kuchelewa ni nusu alama, kukosa zamu ni alama nzima, na ukifikisha kiwango kilichowekwa unaondolewa bila kuulizwa kisa. Mwanangu ana pumu. Majira ya baridi yanapoingia na nyumba zikaanza kupashwa joto, kifua chake hubana usiku, na zipo zamu nilizozikosa nikiwa nimekaa naye chumba cha dharura akivuta dawa kwa kinyago. Kila mara nilipiga ile namba ya kutoa taarifa kabla ya zamu kuanza, kama kitabu cha wafanyakazi kilivyoagiza. Alama ya mwisho ilipoingia, nilikabidhiwa karatasi iliyoandikwa kwamba nimevunja kanuni za mahudhurio, nikasindikizwa hadi kwenye lango.

Nilifungua madai mtandaoni wiki hiyohiyo, kwa sababu katika majimbo mengi dai huanza kuhesabiwa kuanzia wiki uliyolifungua, na muda uliopita nyuma yake huwa umekupotea. Fomu iliuliza kwa nini nimeachana na mwajiri: kazi imekwisha, nimeacha, au nimefukuzwa. Nilichagua la tatu na kueleza kwa sentensi chache nani alikuwa mgonjwa, nilipiga simu lini, na nani aliniambia nimeondolewa. Huko ndiko watu wetu wengi huteleza, kwa sababu mtu hujisikia vibaya kuandika kwamba amefukuzwa, akaona ni adabu zaidi kuandika kwamba ameacha. Kufukuzwa peke yake hakukunyimi mafao. Kuacha ndiko kunakokutwisha mzigo wa kueleza.

Baadaye barua ikaja. Ilisema kwamba mwajiri ameeleza kuwa niliijua kanuni, nilionywa kwa maandishi na nikaivunja tena, kwa hiyo niliondolewa kwa utovu wa nidhamu unaohusiana na kazi na sistahili kulipwa. Hospitali haikutajwa. Simu hazikutajwa. Aliyeamua alikuwa na maelezo yangu mafupi mkono mmoja na nyaraka za kampuni mkono wa pili, na hakumwona wala kumhoji shahidi yeyote. Uamuzi wa kwanza hufanywa hivyo karibu kila mahali: haraka, kwa karatasi, na mtumishi mwenye mafaili mengi mezani. Mtu anayekubali uamuzi huo kama mwisho wa mambo amekubali kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Nilipoanza kusoma, nilikuta kwamba neno la kisheria walilonipachika lina historia yake. Mwaka 1941, Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliamua kesi ya dereva wa teksi aliyefukuzwa, inayoitwa Boynton Cab dhidi ya Neubeck, na maana iliyotolewa humo imefuatwa au kuigwa na majimbo mengi tangu hapo. Kwa ufupi, mahakama ilisema kwamba utovu wa nidhamu unaomnyima mtu mafao ni ule wa kukusudia au wa kupuuza kabisa maslahi ya mwajiri. Kushindwa kazi kwa kukosa uwezo, uzembe wa kawaida wa mara mojamoja, au kukosea katika kuamua jambo kwa nia njema, havimo. Majimbo kadhaa yamekaza maana hiyo baadaye kwa sheria zao, na baadhi yameandika mahudhurio waziwazi ndani yake, kwa hiyo kila mtu asome sheria ya jimbo lake. Lakini kanuni ya jumla imebaki: mwajiri anaweza kuwa na haki ya kukufukuza na wewe ukawa na haki ya kulipwa, na mambo hayo mawili hayapingani. Kampuni ina uhuru wa kuhesabu alama jinsi ipendavyo. Sheria ya bima inauliza swali lake yenyewe, nalo ni kama ulikosa kwa makusudi au kwa sababu usiyoweza kuizuia, na kama ulitoa taarifa.

Siku za kukata rufaa ni chache, na hazisubiri mtu atafute wa kumsomea barua. Iowa na Massachusetts hutoa siku 10. Texas ni siku 14, zikiwemo Jumamosi na Jumapili. Ohio ni 21. California na New York ni 30. Siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua kwamba imetumwa, au kuwekwa kwenye akaunti yako mtandaoni, na haijalishi bahasha ilikaa kwa mwenye nyumba au kwa dada uliyekuwa unaishi kwake zamani. Ukichelewa, kesi itaanza kwa kuulizwa kwa nini umechelewa, na wengi huishia hapo bila kisa chao kuguswa. Barua ya rufaa yenyewe haihitaji ufasaha. Yangu ilikuwa na jina, namba ya dai, tarehe ya uamuzi, sentensi moja kwamba sikubaliani nao na ninaomba kusikilizwa, na nyingine ya kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Kuhusu mkalimani niseme kidogo. Ofisi hizi hupokea fedha za serikali kuu, na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza kumbagua mtu kwa asili yake ya taifa, jambo ambalo mahakama zimelihusisha na lugha. Kwa hiyo mkalimani huletwa kwa simu na halipwi na wewe. Najua Kiingereza cha kutosha kuendesha maisha yangu, lakini sikutaka kujieleza chini ya kiapo kwa lugha ambayo nikibanwa naanza kusema "yes" kwa kila kitu. Tatizo jingine nimeliona kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi: wakati mwingine mtu ameandikiwa Kiswahili kwenye faili kwa sababu alipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ilhali lugha anayoiwaza ni Kibembe au Kirundi. Siku ya kusikilizwa, mwanzoni kabisa, hakimu wa rufaa huuliza kama mnaelewana na mkalimani. Hapo ndipo pa kusema hapana bila haya, kwa sababu baada ya hapo kila jibu lililopinda huingia kwenye rekodi kama lilivyotafsiriwa.

Na wakati rufaa inasubiri, endelea kuthibitisha wiki zako. Nimeandika sentensi hii mapema na peke yake kwa makusudi. Kila wiki, au kila wiki mbili kwa majimbo kama Texas, mfumo hukuuliza kama uliweza kufanya kazi, kama uliitafuta na kama ulipata kipato chochote. Aliyenyimwa huona hakuna maana ya kujibu maswali ya malipo ambayo hayaji, akaacha. Namjua kijana aliyeshinda rufaa yake vizuri kabisa, kisha akakuta kwamba wiki alizoweza kulipwa ni zile chache alizojibu kabla ya kukata tamaa. Nyingine zote hakimu hakuwa na la kufanya nazo.

Vielelezo vyangu vilikuwa vinne. Cha kwanza, orodha ya simu kutoka kampuni yangu ya simu, ikionyesha ile namba ya taarifa, tarehe na saa. Cha pili, karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitali, zenye jina la mtoto na saa ya kuingia. Cha tatu, ukurasa wa kitabu cha wafanyakazi unaoeleza jinsi ya kutoa taarifa. Cha nne, zile barua za onyo, kwa sababu zilionyesha zenyewe kwamba nilionywa kwa idadi ya zamu nilizokosa, bila mahali popote kunituhumu kwamba sikutoa taarifa. Nilivituma kwa ofisi ya rufaa na nakala kwa mwajiri kabla ya siku ya kusikilizwa, kwani kielelezo ambacho upande wa pili haujakiona huweza kukataliwa. Picha za simu zilizopigwa harakaharaka nilizichapisha kwenye karatasi, maana shauri la simu si mahali pa kumwambia hakimu, "Ngoja nikuonyeshe."

Kusikilizwa kwenyewe kulifanyika kwa simu, kama ilivyo kwa mashauri mengi ya aina hii. Nilikaa ndani ya gari nje ya nyumba ili watoto wasiingilie, karatasi zikiwa zimepangwa kwenye kiti cha pembeni kwa mfuatano wa tarehe. Hakimu alitusomea taratibu, akatuapisha, akaeleza kwamba anasikiliza jambo upya na hafungwi na uamuzi wa kwanza. Kisha akaanza na mwajiri. Katika kesi ya kufukuzwa mzigo wa kuthibitisha uko kwake: yeye ndiye aliyesema umefanya utovu wa nidhamu, basi auonyeshe.

Aliyezungumza kwa niaba ya kampuni alikuwa mwanamke wa idara ya rasilimali watu, mpole, aliyeketi mji mwingine, ambaye sijawahi kuonana naye. Alisoma alama zangu kutoka kwenye kompyuta, tarehe baada ya tarehe. Hakimu akamuuliza kama yeye mwenyewe alikuwepo au alizungumza nami siku yoyote kati ya hizo. Hakuwepo. Akamuuliza kama msimamizi wangu wa zamu angetoa ushahidi. Asingetoa. Ushahidi wa kuambiwa huruhusiwa katika mashauri haya, lakini ukiwekwa mbele ya mtu aliyeapa na kueleza alichokifanya kwa mkono wake, huwa mwepesi.

Nilipopewa nafasi ya kumuuliza maswali, nilikuwa nimejiandalia mawili tu, kwa kuwa nilishaambiwa na mwanasheria wa ofisi ya msaada wa kisheria kwamba mdai akipewa nafasi ya kuuliza huishia kuhutubia.

"Kampuni hutunza kumbukumbu za simu zinazopigwa kwenye namba ya kutoa taarifa?"

"Ndiyo."

"Kwa tarehe ulizozisoma, kumbukumbu zinaonyesha nilipiga kabla ya zamu?"

Alipekua kwa muda, funguo za kompyuta zikisikika, kisha akasema zinaonyesha kwamba nilipiga, lakini kwa utaratibu wao simu haifuti alama. Hakimu akarudia jibu hilo polepole ili liingie vizuri kwenye rekodi. Kisha akanihoji mimi kuhusu usiku wa mwisho tu, kwa kirefu: mtoto alianza saa ngapi, nani mwingine angeweza kukaa naye, mke wangu alikuwa wapi. Tukio la mwisho lililosababisha kufukuzwa hubeba uzito kuliko yote, na anayejiandaa kwa rufaa afadhali alijue hilo moja kwa saa na dakika kuliko kukariri dhuluma za miaka mitatu. Mimi pia nilikuwa na dhuluma zangu za kusimulia, zikiwemo za msimamizi aliyekuwa akituita sote kwa jina la bara. Hazikuhusu swali lililokuwa mezani, nikazihifadhi.

Uamuzi ulikuja kwa posta na ulitengua ule wa kwanza. Kwa kurasa chache hakimu alieleza ukweli aliouona kuwa umethibitishwa, kisha sheria, kisha hitimisho, na palikuwa na jina la hospitali.

Aliyeacha kazi mwenyewe ana kibarua kigumu zaidi, kwa kuwa mzigo humhamia yeye: lazima aonyeshe kwamba alikuwa na sababu nzito, na katika majimbo mengi, kwamba alimpa mwajiri nafasi ya kurekebisha kabla hajaondoka. Mshahara uliopunguzwa ghafla, mazingira ya hatari yaliyoripotiwa na yakapuuzwa, kukimbia ukatili wa nyumbani katika majimbo yanayoutambua, hivi huweza kutosha. Kuchoka na bosi peke yake hakutoshi. Kwa Wasabato wenzangu, ambao ni wengi katika jamii yetu, kuanzia Upare na Mara hadi Kisii na Kivu, kuna kesi inayostahili kujulikana. Adell Sherbert alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo huko South Carolina. Kiwanda kilipoongeza Jumamosi kuwa siku ya kazi alikataa, akafukuzwa, na jimbo likamnyima mafao kwa hoja kwamba amekataa kazi inayomfaa bila sababu nzuri. Mwaka 1963, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha mtu achague kati ya imani yake na mafao. Kwa hiyo ofisi ikikuuliza kama uko tayari kufanya kazi siku yoyote, Msabato ana jibu la kweli ambalo halimwondolei haki yake.

Wenye teksi za programu za simu na wapeleka chakula wako upande mwingine kabisa. Huhesabiwa kuwa wamejiajiri, hakuna anayewalipia kodi hii, na ule mpango wa dharura uliowaingiza mwaka 2020 ulikwisha mwaka 2021. New York ilienda njia yake: Machi 2020 mahakama yake ya juu iliamua kwamba mpeleka vifurushi wa kampuni ya Postmates alikuwa mwajiriwa kwa madhumuni ya bima hii. Kwingine, mtu ajaribu kudai tu na aiache ofisi iamue, hasa ikiwa aliambiwa amejiajiri huku akipangiwa saa, sare na njia ya kupita.

Linalonitia hofu zaidi kuliko kunyimwa ni barua ya kurudisha fedha. Ukilipwa kisha ikaonekana hukustahili, utadaiwa. Ikiwa kosa halikuwa lako, majimbo mengi yana utaratibu wa kuomba usamehewe, nao pia una siku zake. Ikiwa umetuhumiwa kwa udanganyifu, sheria ya serikali kuu inaagiza adhabu isiyopungua asilimia 15 juu ya deni, na marejesho yako ya kodi huweza kukamatwa. Chanzo cha kawaida ni kipato cha kazi ndogondogo. Mtu amefanya usafi wa ofisi Jumamosi mbili, akaandika fedha ile wiki aliyolipwa, tena kiasi kilichobaki baada ya makato, ilhali anachotakiwa kuandika ni kiasi kizima kabla ya makato na katika wiki aliyofanya kazi. Kompyuta zikilinganisha taarifa za mwajiri na zake, tofauti inaonekana kama uongo.

Na kompyuta zenyewe hazina huruma wala akili ya kutosha. Huko Michigan, kati ya Oktoba 2013 na Agosti 2015, mfumo uliopewa jina la MiDAS uliwatuhumu watu wapatao 40,000 kwa udanganyifu, wengi bila binadamu kupitia faili. Jimbo lilipokagua sehemu kubwa ya tuhuma hizo baadaye, likakuta asilimia 93 zilikuwa za makosa. Watu walikuwa wameshakatwa mishahara na marejesho ya kodi. Mwaka 2022, Mahakama ya Juu ya Michigan ilikubali kwamba wanaweza kulidai jimbo fidia, na mwaka huohuo likakubali kulipa dola milioni 20. Ukipokea barua ya tuhuma, basi, usidhani lazima kuna mtu mahali amekuchunguza. Kata rufaa ndani ya siku zilezile, hata kama huielewi vizuri, kisha ndipo utafute wa kukueleza.

Kwa upande wangu mwajiri hakuridhika, akapeleka shauri kwenye bodi ya jimbo. Ngazi hiyo kwa kawaida haisikilizi mashahidi upya. Husoma kumbukumbu na vielelezo vya shauri la kwanza na kuuliza kama hakimu alifuata sheria, ndiyo maana nasisitiza kwamba kila karatasi uliyo nayo iingie pale kwa hakimu. Ukiigundua baadaye chini ya godoro, kwa kawaida itabaki chini ya godoro. Baada ya bodi kuna mahakama, ambako ni vizuri kuwa na wakili. Ofisi za msaada wa kisheria huwasaidia wenye kipato kidogo bila malipo, na vyuo vikuu vingine vina kliniki za wanafunzi wa sheria wanaozijua kesi hizi vizuri kuliko mawakili wengi wa mjini. Malipo hayakusimama wakati bodi inasoma. Tangu mwaka 1971, katika kesi ya California dhidi ya Java, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza jimbo kuzuia mafao ya mtu aliyekwisha kuonekana anastahili kwa sababu tu mwajiri amekata rufaa. Bodi ilithibitisha uamuzi wa hakimu kwa aya mbili.

Fedha za wiki zote zilizokuwa zinasubiri huingia kwa mkupuo, na hapo mtu hulipa kodi ya nyumba iliyochelewa, hutuma nyumbani kidogo, na husahau kwamba mafao haya hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu kama mshahara. Januari inayofuata jimbo hukutumia fomu 1099-G yenye jumla uliyolipwa, na nakala yake huenda kwa mamlaka ya kodi. Kwa mafao ya mwaka 2020 peke yake, Bunge lilisamehe kodi kwenye hadi dola 10,200 za mafao hayo kwa wenye kipato cha kati na cha chini, na wapo wanaodhani msamaha huo bado upo, haupo. Ofisi itakuuliza, unapofungua madai, kama unataka ikate asilimia 10 kila wiki. Mimi nilikubali, na hata siku za mfukoni patupu sikujutia.